Mchunga Usio na Maziwa

Festo mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tunalala nyumba moja, na asubuhi utaniamkia shikamoo kama siku zote. Ninaandika kwa sababu kila nikifungua mdomo kuhusu jambo hili unatoka nje. Jana ulitoka. Juzi ulitoka na sahani mkononi, ukaenda kumalizia ugali wako kwenye ngazi kama mgeni asiyetaka kusemeshwa. Sasa umekwenda Mjimwema kuwaaga wenzako, jua bado lipo, na mimi nimekaa hapa mlangoni na kalamu yako ya bluu. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne, na nikikasirika herufi zinalala upande. Leo zitalala.

Mambo ya kuanika godoro, kuchemsha maji ya kunywa, kutoazimisha watu simu yako, hayo nimekuambia mpaka umechoka, na begi nimelipanga mwenyewe. Humu hayamo. Humu mna jambo moja. Bibi yako yuko Lizaboni kwa shangazi yako Sabina, anaamini mimi nimemtupa, na wewe ndiye unayeweza kumrudisha nyumbani. Kesho unaondoka.

Nitaanza mwanzo, maana najua utataka kurukia mwisho.

Siku ile bibi yako aliamka akisema anataka mchunga. Unamjua. Tangu macho yake yaingie ukungu, ulimi ndio umebaki kumfurahisha, na ulimi wake hautaki mchicha wala chainizi, unataka uchungu. Mwenyewe husema mboga isiyomkunja mtu uso ni majani ya kufunikia chungu tu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na huku juu kwetu Matogoro mchunga wote ulikuwa umekauka mashambani, umebaki ule wa bondeni, kandokando ya kijito. Mimi mguu ulikuwa umevimba, nikakutuma wewe. Bibi alikusikia unachukua kikapu, akacheka peke yake. Akasema, "Leo mume wangu ananitafutia mboga. Wanawake wengine wa Matogoro wafe kwa wivu."

Ulirudi na kikapu kimejaa. Umekata kwa kisu, umefunga mafungu kwa kamba za mgomba, na kila shina umelitoa ua lake kwa sababu uliwahi kunisikia nikisema mchunga uliochanua haufai, umekomaa. Niliyatazama mafungu yale nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe kijana wangu alikuwa anasikiliza. Jumuiya ilikuwa inasali kwa jirani Mama Kanisia, zamu ya kuongoza rozari ilikuwa yangu, na nilishachelewa. Nikakuuliza swali moja tu. Nilikuuliza, "Umevunja shina ukaona maziwa?"

Ukanijibu, "Nimeona, Mama."

Simama hapo kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Unajua kwetu mboga ya pori haiingii chunguni kabla haijachambuliwa kwenye ungo, jani kwa jani, na mwanamke aliyeichambua ndiye anayeulizwa kukiwa na neno. Ndivyo nilivyokuta nilipoolewa, na bibi yako naye ndivyo alivyokuta. Siku ile ungo sikuushika. Nilichukua neno lako nikalifanya ungo. Nikaosha, nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia karanga, nikakuachia umpakulie bibi, nikaenda kusali. Kosa hilo ni langu. Nimelibeba na nitalibeba, sikuombi unipokee hata upande mmoja. Ninachokataa ni kulibeba langu na la kwako likiwa juu yake.

Niliporudi nilimkuta bibi chini, ameshika tumbo, anatapika, na wewe umemshikia beseni. Sitasema hukumhudumia. Ulimbeba mgongoni mpaka barabarani, ukakimbia kutafuta bajaji, jasho likakutoka mpaka shati likashika mwili. Nililiona hilo na sijalisahau. Ndiyo maana hasira yangu haitulii, kwa sababu najua moyo unao. Ningekuwa na mtoto asiye na moyo ningeshanyamaza zamani.

Pale hospitali daktari alikuwa kijana, labda amekupita kidogo tu. Aliuliza kwa upole mama amekula nini. Nikasema mchunga. Akauliza kama nina hakika, maana yapo majani mengine watu huyachanganya nao, na matibabu hayawi yaleyale. Nikamwambia nina hakika. Hakika hiyo niliitoa wapi, Festo? Niliitoa kwako. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na chupa ya uji, karibu kiasi cha kumgusa yule daktari bega, ukaangalia sakafu. Swali lile halikuwa langu. Lilipita juu ya kichwa changu likaja kwako, ukaliacha lianguke.

Baadaye daktari alisema huenda ni majani, huenda ni tumbo la uzee tu, yeye hawezi kuapa. Chungu kilikuwa kimeshaoshwa, cha kupima hakikuwepo. Mimi nami siwezi kuapa. Lakini yeye alikuwa anatafuta, na aliyekuwa na cha kumsaidia kutafuta alikuwa amekumbatia chupa ya uji.

Na wewe ndiye unayekwenda Njombe kusomea dawa. Utakaa nyuma ya dirisha uwagawie watu vidonge. Nimeviona vidonge vya bibi yako, vya presha na vya maumivu, vyote vyeupe, vyote vya mviringo, ukivichanganya kiganjani mimi sivitambui. Siku moja mama wa mtu atakuuliza pale dirishani, "Mwanangu, una hakika ndicho chenyewe?" Nikiwaza utamjibu "nimeona, Mama" huku hujaona, usingizi unaniruka.

Shangazi yako Sabina alifika kilemba kimekaa upande. Hakunisalimia. Alisema mbele ya wagonjwa wote, "Si wewe ndiye fundi wa mchunga Matogoro nzima? Fundi gani anampikia mama yangu majani ya mbuzi?"

Bibi, dripu iko mkononi, akasema polepole, "Mboga ile haikuwa chungu." Hakuongeza neno. Akageukia ukutani.

Nikakutazama. Nilikupa nafasi, mwanangu. Nilingoja mpaka mama mmoja wa kitanda cha jirani akaanza kukohoa kwa aibu ya kutusikiliza. Halafu nikasema, "Ni mimi, wifi. Nilikuwa na haraka."

Nilidhani jioni ile ile utakuja jikoni unieleze. Hukuja.

Shangazi yako alipotoka kwenda kununua sabuni, nilimsogelea bibi nikamuuliza, "Mama, kama haikuwa chungu, mbona ulikula?" Maana yeye si mtu wa kudanganyika kwa mboga. Akanijibu bila kugeuka: "Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama nakula. Ningetemaje?"

Umesikia hilo? Alijua tangu tonge la kwanza. Alikula mpaka akafuta sahani kwa sababu ulikuwa hujawahi kumchumia kitu kwa mikono yako, akaona aibu kukuaibisha. Mpaka leo hajamwambia shangazi yako nani alichuma. Mimi nimekusitiri, na yeye amekusitiri, mtu mzima asiyeona, tumbo linamkata, anakusitiri wewe. Nilipofika nyumbani nililia kwa hasira, na wala sikujua namkasirikia nani kwanza.

Mguu ulipopungua niliteremka bondeni. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikakuta mashina uliyoyakata, mengi, yamesimama kama mabua. Nikavunja lililobaki. Likatoa maji tu, maangavu ya kuona upande wa pili. Na chini, pale ulipokuwa umechuchumaa, maua uliyoyakatakata yalikuwa yamelala kwenye majani makavu, njano, mengine yameshafungua nywele zake nyeupe tayari kuruka. Niliokota moja nikaja nalo. Nikaliweka mezani mbele yako, unakumbuka, ulikuwa unachaji simu. Ukalitazama. Ukasema, "Mama, majani yote yanafanana," ukatoka nje.

Yanafanana.

Festo, neno hilo limenikaa kooni kuliko yote. Kweli yanafanana. Ndiyo kazi yake. Yote yana ua la njano, yote yana meno pembeni mwa jani, yote yakikomaa yanageuka nywele nyeupe na upepo unayachukua. Mtu akipita njiani anaona ua la njano, basi. Lakini wewe hukuwa mpita njia, ulikuwa umetumwa.

Ngoja nikwambie mimi nilivyofundishwa, ulikuwa hujazaliwa. Nilikuja hapa kutoka milimani Mbinga nikiwa bibi arusi mwenye mdomo. Nilijiona najua mboga kwa sababu kwetu tunalima mpaka kwenye miteremko ambayo mbuzi anaogopa. Bibi yako alinichukua bondeni, kijito kile kile, akanichumia maua ya njano akayatandaza kwenye kanga. Akasema niyataje. Nikayataja yote mchunga, harakaharaka, ili nionekane hodari. Hakunicheka. Aliniketisha chini akanifundisha kuyafumua, moja moja, kama mtu anavyofumua mshono kuona fundi alianzia wapi.

Akanionyesha kwamba ua la mchunga halina jicho. Ukilitazama kutoka juu ni vilimi vitupu, kuanzia ukingoni mpaka katikati, na kila kilimi ncha yake imekatwa kama kwa mkasi. Lile jingine lina jicho. Lina kitu cha duara katikati, kama alizeti iliyodumaa, halafu vilimi vichache vimelizunguka kama watu wanaoota moto. Akasema maua haya ni ndugu wa mlango mmoja, alizeti na mchunga na lile jingine na hata shona nguo inayotusumbua miguuni, na ndiyo sababu inabidi uwajue mmoja mmoja. Watu wa ukoo mmoja wana sura moja na tabia mbalimbali, alisema, mtazame Sabina na kaka yake. Kaka yake ndiye baba yako. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Shona nguo alinifundisha kuijua ikiwa bado changa, kabla ya kutoa mbegu zile zinazong'ang'ania sketi: shina lake lina pembe, ukilizungusha kati ya vidole halizunguki sawasawa. Mchunga shina lake ni bomba, ukilibonyeza linaingia ndani. Jani la mchunga halina mguu, limelikumbatia shina kwa masikio mawili. Lile jingine nalo linajifanya kukumbatia, lakini ukipitisha kidole chini ya jani unakutana na manyoya. Na mchunga unafungua ua asubuhi, jua likipanda unalifunga, umemaliza kazi. Lile jingine linakaa wazi mchana kutwa likingoja nani apite. Bibi aliliita mchunga wa uongo, jina jingine sikuwahi kulisikia.

Na mwisho wa yote, vunja uone maziwa. Lakini alinikemea nisije nikaishia kwenye maziwa peke yake, maana hata mnyaa wa uani una maziwa na yakikuingia jichoni utatafuta mtu wa kukushika mkono. Alisema, vitu vyote vikubaliane, ua na shina na jani na maziwa, na kimoja kikikataa, acha hapo hapo ulipo. Halafu alinifunga macho kwa kilemba chake akanipa majani niyatambue kwa vidole. Nilikosa, nikakosa, jua likatuchoma, akakataa turudi nyumbani. Wakati ule nilimwona mkorofi. Siku hizi, yeye akiwa haoni, ndivyo anavyochambua mboga mwenyewe, kwa vidole, na hakosei. Mbichi hakosei. Siku ile uliweka mbele yake iliyoiva.

Sasa usinielewe vibaya. Kukosea mchunga si dhambi. Mimi nilikosea mbele ya mama mkwe, aibu iliyoje. Ungerudi siku ile ukasema "Mama, sikuvunja, sijui kama ndio wenyewe," ningekutania kwamba unajua vitu vya kwenye simu tu, ningeumwaga, bibi angekula dagaa akinung'unika, na yangekwisha. Kilichonikasirisha ni "nimeona". Na kilichonikasirisha zaidi ni kila siku iliyofuata, ulipokuwa unapita mbele yangu unachota maji, unapiga mluzi.

Na hapa inanibidi nijitazame mimi. Nimekaa nikajiuliza mluzi ule ulijifunza wapi. Mbuzi wetu walipoingia kwenye mahindi ya Mama Kanisia, wewe ndiye uliyelala kivulini, na mimi nikaenda kumwambia kamba niliifunga vibaya. Ulipopasua kioo cha darasa, nilisema kwa mwalimu kwamba nilikutuma mahali siku hiyo, huwezi kuwa wewe. Baba yako alikuwa ameshatutoka, nikaona nikikuacha ukemewe na watu utajiona huna mtu. Nilidhani nakufunika nguo. Kumbe nilikuwa nakuzoesha kwamba kukiwa na lawama, yupo mwanamke mahali atakuja kuichukua. Hilo ni langu, na ndilo ninalolikata leo, hata kama limechelewa. Natamani ningelikata tangu siku ile ya mbuzi.

Usidhani lawama niliyochukua hospitali iliishia hospitali. Kulikuwa na msiba Mjimwema, yule mzee fundi cherehani. Nilikwenda na kisu changu na ungo wangu kama siku zote, maana kwenye msiba wowote jumuiya yetu upande wa mboga ni wangu. Nikakaa. Mama Kanisia akaniinamia, mwanamke anayenipenda, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Festo, leo tusaidie kuni." Nikainuka. Sijafika hata kwenye kuni nikasikia nyuma yangu mmoja anasema, "Afadhali. Leo tunataka tuzike mmoja tu." Wakacheka. Wanawake wanaokula kwa mikono yangu tangu nilipofika mji huu, wakacheka na nyanya mkononi.

Nilipasua kuni mpaka jioni. Sijawahi kupasua kuni vizuri hivyo.

Hilo nalo nalimeza. Watu wanacheka, kesho wanachoka. Lililonishinda kumeza ni la Lizaboni.

Shangazi yako alimchukua bibi kutoka hospitali moja kwa moja. Hakupitia nyumbani hata kuchukua blanketi lake. Mimi nimekuwa nikienda, wewe ukidhani nakwenda sokoni. Napika uji wa ulezi, natia kwenye chupa, nateremka. Sabina anaupokea mlangoni, mwili wake umejaa mlango, hanikaribishi. Mara ya mwisho nilisikia bibi ndani anauliza, "Nani huyo?"

Shangazi yako akajibu bila kugeuza kichwa, "Anauza mkaa, Mama. Nimemwambia tunao."

Nilikuwa nimesimama pale na kanga yangu ya Jumapili. Ningeweza kupaza sauti. Ningesema ni mimi, Mama, nimekuja. Lakini nilimtazama wifi yangu machoni nikaona haoni aibu wala haoni raha. Anaogopa. Anaamini kweli nilimpikia mama yake sumu kwa uzembe, na kwa imani hiyo hata mimi ningeziba mlango. Nikageuka. Njiani ndipo hasira ilipokuja, ikanitembeza mpaka Matogoro bila kusikia mguu.

Halafu Mama Kanisia alikwenda kumsalimia bibi, akarudi na maneno. Bibi amemwambia, "Mkwe wangu amenichoka. Simlaumu, nimekaa sana." Anasema hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwa watu, anapewa mchicha.

Utauliza kwa nini nisiende mimi niseme kweli. Nilishafikiria. Nikisema mimi, itakuwa mama amebanwa, amemsingizia mtoto anayesafiri. Sabina alishaniambia pale wodini nisije nikatafuta wa kumtupia lawama. Nikimtuma Mama Kanisia, itakuwa umbea. Nikimwomba bibi aseme, nitakuwa namwomba yeye akuvue nguo, na nguo hiyo ameilipia kwa tumbo lake mwenyewe. Kweli hii ina mdomo mmoja tu inaoweza kutokea ikaaminiwa, na mdomo huo uko Mjimwema unaagana na rafiki.

Najua unaogopa nini. Unaogopa shangazi yako atasema, huyu ndiye mtakayempa kazi ya dawa? Atasema. Mdomo wake haujawahi kupitwa na jambo. Mwache aseme. Mimi nitakwambia ninavyoona: mtu atakayekwenda Njombe akiwa ameshasimama mbele ya watu akasema "sikuangalia, nikasema nimeangalia", huyo ningemkabidhi dawa za bibi yangu. Yule aliyenyamaza mlangoni na chupa ya uji, hata panadoli nisingechukua kwake. Na ni mtu yule yule, bado unaweza kuchagua.

Usiende kueleza kiangazi, wala kijito, wala kwamba yanafanana. Usiseme Mama alikuwa na haraka, hilo nimeshalisema mimi. Sema ulilofanya, halafu kaa. Ukikaa kwenye mkeka miguuni mwa bibi yako itakuwa rahisi zaidi kuliko kusimama. Mwite jina lake la kila siku, mke wangu, atajua sauti. Na mwambie yule muuza mkaa alikuwa mimi.

Sasa hili la mwisho, utanikasirikia, basi kasirika. Leo mchana wakati umelala nilichukua tiketi yako kwenye mfuko wa begi nikaenda nayo stendi. Nilimkuta karani, kijana mwenye kofia, nikamwambia basi la alfajiri hutapanda, atafute la baadaye. Akanung'unika kwamba watu wote wanang'ang'ania la alfajiri, mama gani anarudisha nyuma. Nikamwambia mama huyu hapa. Utaondoka na la saa sita mchana. Njombe utaingia jioni jua linazama, ndugu wa Mama Kanisia atakupokea, nimeshampigia. Kwa hiyo asubuhi yote ni yako, na huwezi kuniambia hukuwa na muda.

Barua hii nitaiweka juu ya begi. Sitakuamsha wala sitakusukuma. Lizaboni unapajua.

Mimi nakupenda, na sisemi hivi ili kulainisha. Ningekuwa sikupendi ningekuacha uondoke na mluzi wako. Stendi nitakusindikiza kwa vyovyote, nitakubebea ndoo, nitasimama mpaka basi lipinde, hilo halina masharti. Ila nitakuwa najua. Na wewe utakuwa unajua kwamba najua, na Njombe ni mbali kwa mtu mwenye mzigo wa namna hiyo.

Kesho asubuhi nitafagia chumba cha bibi yako na kuanika blanketi lake. Nitatandika kitanda. Nitachemsha chai ya watu watatu, na mlango wa mbele nitauacha wazi kwa sababu anapapasa kizingiti kabla ya kuingia na hapendi kubisha hodi kwake.

Mimi Mama yako, hapa hapa Matogoro, nakungojeni.